Mzazi Mwenye Pingu

Tarehe 3 Julai 2008, siku moja kabla Marekani haijaadhimisha uhuru wake, mama mmoja kutoka Mexico alisimamishwa na askari wa barabarani huko Berry Hill, mji mdogo uliozungukwa na jiji la Nashville, Tennessee. Mimba yake ilikuwa ya miezi tisa. Leseni ya udereva hakuwa nayo. Kosa la namna hiyo kwa kawaida unaandikiwa karatasi, unapewa tarehe ya kufika mahakamani, unakwenda zako. Yeye alikamatwa akapelekwa jela ya Kaunti ya Davidson. Alipotoka, siku sita baadaye, alikuwa ameshajifungua mtoto wa kiume chini ya ulinzi wa askari, mguu wake mmoja ukiwa umefungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali kwa muda mwingi aliolazwa.

Kesi yake ilisikilizwa hadharani na magazeti makubwa yaliiandika. Jina lake sitaliandika hapa. Ana watoto wake na maisha yake, na yaliyompata yanaweza kusimuliwa bila watu kwenda kumtafuta.

Nimeifuatilia habari hii kwa miaka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi. Nimefanya kazi wodi ya wazazi hapa Marekani, msaidizi wa wauguzi, kazi iliyotuweka mjini Waswahili wengi wa huku. Najua mzazi anavyokuwa saa ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Ya pili ni watu wetu. Nenda kwenye msiba wowote, harusi yoyote, ubatizo wowote wa Waafrika Mashariki katika miji ya huku, utakuta kijana au mama aliyekuja kihalali, viza ikaisha, shule ikamshinda ada, akabaki. Usiku anaendesha gari bila leseni kwenda kubeba boksi kwenye ghala lililoko nje ya mji ambako hakuna basi linalofika. Maswali yao ni yaleyale. Nikikamatwa itakuwaje? Mtoto wangu amezaliwa hapa, si nitapata makaratasi kupitia yeye? Kesi ya Nashville inajibu yote mawili, na majibu yake ni machungu.

Tuanze na leseni, maana ndiyo iliyoanzisha yote. Mwaka 2001 Tennessee iliwaruhusu watu wasio na namba ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii ya serikali kuu, kufanya mtihani na kupata leseni. Mwaka 2004 jimbo likageuza: asiye na makaratasi apewe cheti cha kuendeshea gari, kisichokubalika kama kitambulisho. Mwanzoni mwa 2006 cheti nacho kikasitishwa. Watu walewale waliofanya mtihani wakafaulu, wakakata bima, wakaendesha bila ajali, wakajikuta wavunja sheria pasipo wao kubadilisha kitu. Kazi zilibaki kulekule, kliniki kulekule, shule za watoto kulekule. Anayesema “si wangeacha tu kuendesha” hajawahi kuishi kwenye mji wa Kusini mwa Marekani ambako duka la karibu unalifikia kwa barabara kubwa isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Mwaka uliofuata, 2007, Kaunti ya Davidson ikaanza kutekeleza mkataba na ICE, idara ya serikali kuu inayokamata na kuwaondoa wageni. Mikataba hiyo huitwa 287(g), kwa namba ya kifungu kilichoongezwa kwenye sheria ya uhamiaji mwaka 1996. Kifungu kinaruhusu askari wa kaunti, wakishapewa mafunzo, wafanye kazi ya maofisa wa uhamiaji. Sherifu wa kaunti hiyo, Daron Hall, aliutetea mkataba kama njia ya kuwaondoa wahalifu. Lakini ulifanya kazi kwenye meza ya kupokelea mahabusu, na pale mezani kila aliyezaliwa nje ya Marekani alichunguzwa uhalali wake wa kukaa nchini, awe amepora benki au amekutwa hana leseni. Kwa hiyo trafiki wa mji mdogo, akiamua tu kukupeleka jela badala ya kukuandikia karatasi, amekukabidhi uhamiaji. Uamuzi wa dakika moja kando ya barabara, na hakuna jaji aliyeuona.

Walipomchunguza yule mama waliona kwamba mwaka 1996 aliwahi kukamatwa na kurudishwa kwao. ICE ikaweka zuio, yaani ombi kwa jela isimwachie mpaka uhamiaji waamue. Sikukuu ilikuwa kesho yake, wikendi ndefu ikafuata, na mtu wa zuio hatoki kwa dhamana ya kawaida.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu uovu wote uko kwenye hatua hii ndogo ya karani. Jela ile ilimweka mahabusu mwenye zuio la uhamiaji kwenye daraja la kati la usalama. Na mahabusu wa daraja la kati, kwa utaratibu wao, akipelekwa hospitali anafungwa pingu. Hakuna aliyemtazama yule mama na tumbo lake la miezi tisa akasema huyu ni mtu hatari, au huyu atakimbia. Hawakuhitaji kumtazama. Swali la kama ana kibali cha kuishi Marekani lilichukuliwa likafanywa kipimo cha ukorofi wake, na kuanzia hapo kila askari aliyefuata alikuwa anafuata utaratibu.

Usiku wa Jumamosi tarehe 5 alimwambia askari wa zamu kwamba hali imebadilika, uchungu umefika. Gari la wagonjwa likaitwa. Alilazwa kwenye machela mikono imefungwa pingu kwa mbele, na miguu nayo imefungwa. Alipofikishwa Nashville General, hospitali ya umma ya jiji, mguu mmoja ulifungwa kwenye kitanda. Wauguzi waliwaambia askari kwamba mgonjwa anatakiwa awe huru. Hatimaye alifunguliwa, muda usiofika saa mbili kabla ya mtoto kutoka, na baada ya saa chache akafungwa tena. Mumewe hakuruhusiwa kuwa naye wala kuzungumza naye.

Wanaume wengi wakisoma “mguu mmoja” wanaona si kitu. Mguu mmoja tu, na mnyororo una urefu wake. Nitaeleza tunachokifanya wodini ili ieleweke. Mwanamke mwenye uchungu halali tuli. Anageuka ubavu, anapiga magoti, anainama ameshika ukingo wa kitanda, anasimama, anataka kwenda chooni kila mara. Kugeuka huko ndiko kunakomshusha mtoto. Mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka, kitu cha kwanza tunachofanya ni kumgeuza mama upande mwingine, haraka. Bega la mtoto likikwama baada ya kichwa kutoka, tuna dakika chache sana: watu wawili wanashika miguu ya mama, mmoja kila upande, na kuivuta magoti mpaka karibu na kifua. Nimewahi kuwa mmoja wa hao wawili. Hapo hakuna muda wa kumtafuta askari mwenye ufunguo, ambaye pengine yuko ukumbini anaongea na simu. Na mama akianza kuvuja damu, au daktari akiamua upasuaji sasa hivi, kitanda kinasukumwa kwa mbio. Ndiyo maana chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kimepinga pingu hizi waziwazi. Kwao, kama ilivyo kwangu, hili ni suala la mama na mtoto kutoka salama.

Isitoshe, mwanamke mwenye mtoto njiani anakimbilia wapi?

Lakini kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Hospitali ilipomruhusu, mtoto alichukuliwa na baba yake, mama akarudishwa jela. Muuguzi alikuwa amempa kifaa cha kukamulia maziwa. Jela haikumruhusu kuingia nacho.

Siku ya pili na ya tatu baada ya kujifungua ndizo maziwa yanaposhuka. Kama mtoto ananyonya, mambo yanakwenda. Kama hanyonyi na hakuna kukamua, matiti yanajaa, yanavimba, ngozi inavutika mpaka inang'aa, chuchu inapotea ndani ya uvimbe. Mkono hauinuki. Nguo ikigusa unaruka. Homa inaingia na baridi ya mwili. Nimewaona wazazi wenye kila kitu, wenye chumba chao na maji ya moto na mume wa kuwaletea uji, wakilia kwa maumivu hayo. Sasa mfikirie aliye kwenye selo, amejifungua juzi, anavuja damu ya uzazi, hana kichanga, hana kifaa. Matiti yake yalipata maambukizi. Mtoto huko nyumbani akapata umanjano, ambao hutokea kwa vichanga wengi na ambao kunyonya mara kwa mara ni sehemu ya dawa yake. Walitenganishwa siku mbili. Kwa mtu mzima siku mbili ni wikendi, kwa kichanga wa siku mbili ndiyo umri wake wote.

Kwetu mzazi hakai peke yake. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, mama yake mzazi au mama mkwe anahamia nyumbani mpaka arobaini iishe. Wamexico nao wana arobaini yao, siku arobaini zilezile, mzazi akipikiwa supu na kukatazwa kazi. Nilipojua hilo kutoka kwa wazazi wa Kimexico niliowahudumia, nilimwelewa yule mama kwa namna nyingine. Alijua kabisa anachonyang'anywa.

Alipopelekwa mahakamani alikiri kuendesha gari bila leseni, akahukumiwa siku alizokwisha kukaa. Kosa lenyewe likaishia hapo. Kosa alilotendewa yeye likachukua miaka.

Mwaka 2009 alifungua kesi dhidi ya serikali ya jiji la Nashville katika mahakama ya serikali kuu. Msingi wake haukuwa mpya. Tangu 1976, katika shauri la Estelle dhidi ya Gamble, Mahakama Kuu ya Marekani imeshasema kwamba dola ikimfunga mtu inawajibika kwa afya yake, na kupuuza kwa makusudi hitaji lake kubwa la matibabu ni kuvunja katiba. Na kwamba asiye raia naye analindwa, hilo ni la zamani zaidi: mwaka 1896, katika shauri la Wong Wing, mahakama hiyohiyo ilikataa Mchina aliyetakiwa kuondolewa nchini kupewa kwanza kifungo cha kazi ngumu bila kushtakiwa na kuhukumiwa. Serikali inaweza kukuondoa. Haiwezi kukuadhibu bila mahakama kwa sababu tu wewe ni wa kuondolewa. Katiba inasema “mtu”, na mahakama zimelishikilia neno hilo hata kwa aliyeingia kwa njia za panya.

Aprili 2011 Jaji William Haynes aliamua kwamba pingu zile na kunyimwa kile kifaa vilivunja haki zake. Agosti mwaka huohuo juri, yaani jopo la raia wa kawaida, ikakadiria fidia ya dola 200,000. Jiji likakata rufaa. Machi 2013 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufaa wakautengua uamuzi wa Jaji Haynes, wakasema kulikuwa na mambo ya ushahidi ambayo yalipaswa kwenda kwa juri kwanza, mojawapo likiwa kama kweli alikuwa na uwezekano wa kutoroka. Na bado, ndani ya hukumu hiyohiyo, mahakama ilikubali kwamba kumfunga pingu mwanamke mwenye uchungu kwa ujumla kunakiuka viwango vya utu vya zama hizi. Oktoba 2013 jiji likaona heri yaishe. Likakubali kulipa dola 490,000. Mama alipata 100,000, nyingine zikaenda kwa mawakili. Wapo watakaosema mawakili wamekula. Mimi sisemi hivyo. Walibeba kesi ya mtu asiye na kitu kwa zaidi ya miaka minne, na bila wao ile karatasi ya daraja la kati ingebaki kabatini mpaka leo, ikiwasubiri wengine.

Ofisi ya sherifu ilibadilisha utaratibu wake kuhusu wajawazito, na mkataba wa 287(g) wa Davidson ukamalizika 2012. Mwaka 2018 sheria iitwayo First Step Act ikakataza pingu kwa wajawazito walio mikononi mwa magereza ya serikali kuu. Lakini yule mama hakuwa gereza la serikali kuu. Alikuwa jela ya kaunti, kama ambavyo watu wetu wengi watakavyokuwa wakikamatwa barabarani, na jela ya kaunti inafuata sheria ya jimbo lake, majimbo yakiwa hamsini na kila moja na lake.

Sasa makaratasi.

Mtoto aliyezaliwa usiku ule ni raia wa Marekani. Marekebisho ya 14 ya katiba, ya mwaka 1868, ndiyo yaliyompa uraia, na shauri la Wong Kim Ark la 1898 ndilo lililothibitisha kwamba mzazi kuwa mgeni hakuuondoi. Januari 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuuondoa uraia huo kwa watoto wa wasio na makaratasi, na mahakama zikaizuia, lakini mtoto wa 2008 yuko salama. Watu wetu wakisikia hivyo husema, basi mama naye amepona. Hajapona. Mtoto raia hawezi kumwombea mzazi ukaazi mpaka atimize miaka 21. Na hata akitimiza, swali linarudi kwenye njia aliyoingilia mzazi. Aliyeingia na viza uwanja wa ndege, akapigiwa muhuri, kisha viza ikamwishia, mara nyingi anaweza kupata ukaazi hapahapa kupitia mwanawe mtu mzima. Aliyevuka mpaka kwa miguu kwa kawaida anatakiwa atoke nje kwanza, na akitoka, sheria ya 1996 inamfungia mlango miaka kumi ikiwa alikaa bila kibali zaidi ya mwaka mmoja. Na aliyewahi kurudishwa kwao kisha akaingia tena kimyakimya, huyo kufuli lake ni kubwa zaidi: anapaswa kukaa nje miaka kumi ndipo aruhusiwe hata kuomba.

Ndugu zangu mnaoniandikia kwamba mmepata mtoto hapa na mmeambiwa na mtu wa kijiweni mambo yameisha, naomba muisome aya hiyo mara mbili kabla ya kumlipa yeyote.

Kwa mtu wa historia kama ya yule mama, njia zilizobaki ni chache, na mojawapo ni viza ya U. Bunge lilianzisha viza hiyo mwaka 2000 kwa ajili ya wageni waliotendewa uhalifu wa aina fulani hapa Marekani, wakaumia sana kimwili au kiakili, na wakasaidia vyombo vya sheria. Mwombaji anaweza kusamehewa karibu makosa yote ya uhamiaji. Inatoa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi miaka minne, na baada ya mitatu unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Lakini huwezi kuiomba peke yako. Lazima polisi, mwendesha mashtaka, jaji au mamlaka nyingine inayohusika na uhalifu huo isaini fomu ya kuthibitisha kwamba ulitendewa na ulitoa ushirikiano. Fikiria basi aliyetendewa na jela yenyewe. Atamwomba nani saini? Mwaka 2012 Jaji Haynes, yuleyule aliyesikiliza kesi, alikubali ombi la kumpa uthibitisho huo. Idara ya uhamiaji ndiyo yenye neno la mwisho, ila bila saini ya jaji faili hata lisingefunguliwa.

Nimeliwaza hili mara nyingi na sijalizoea. Mwanamke ameishi Tennessee miaka, amelea watoto, amefanya kazi, na katika yote hayo sheria haikuona sababu ya kumpa karatasi. Alipofungwa pingu akiwa na uchungu, na matiti yake yakaugua kwenye selo, ndipo mlango wa kuomba ukaonekana. Nawashukuru waliouweka mlango huo, na wapo wanawake wa Kiswahili, waliopigwa na waume au kunyanyaswa na waajiri, waliopita humo. Hata hivyo wanaopewa ni 10,000 kwa mwaka, bila kuhesabu wanafamilia wao, na waombaji ni wengi mno kuliko hapo, kwa hiyo foleni ni ya miaka. Haki ya kuishi mahali isingepaswa kupimwa kwa ukubwa wa kidonda.

Na sisi tunaoyasema haya ya Marekani tusijifanye hatuna yetu. Vijana wa Ethiopia wanaopita Tanzania kwenda Afrika Kusini tumewafunga kwa miaka mingi kwa kosa la kuingia bila kibali. Juni 2012 zaidi ya arobaini walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Januari 2021, Rais wa Ethiopia Sahle-Work Zewde alipofika Chato, Rais Magufuli alitangaza kuwasamehe wafungwa wa Kiethiopia 1,789. Nilifurahi siku ile kama wengi. Kisha nikaitazama tena ile namba. Ni vijana 1,789 ambao kosa lao lilikuwa safari, wakila ugali wa gereza katika nchi ambayo hata hawakutaka kubaki. Magazeti yetu huwapiga picha wamekaa chini, mikono kichwani, na hatuwaulizi nani aliugua humo ndani na nani alimtibu. Mgeni aliyeko gereza la Segerea au la Ukonga, Dar es Salaam, anadai kilekile alichodai yule mama kwa jela ya Davidson.

Nashville nayo haikuachwa kwa muda mrefu. Mei 2025 askari wa barabara kuu za Tennessee walizunguka usiku na maofisa wa ICE katika mitaa ya kusini ya jiji hilo, wanakoishi wageni wengi, wakisimamisha magari kwa makosa madogo ya barabarani, na katika siku chache zaidi ya watu 190 wakakamatwa na uhamiaji. Mwanzoni mwa mwaka huo mikataba ya 287(g) nchi nzima ilikuwa 135. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepita 1,000. Meza ile ya kupokelea mahabusu sasa iko kwenye kaunti ambazo watu wetu hata hawajui kwamba wanaishi humo.

Kwa hiyo ninachowaambia wanaoniuliza ni haya. Ukiwa huna makaratasi, weka namba ya wakili wa uhamiaji kichwani, si kwenye simu tu, maana simu utanyang'anywa, na katika mahakama ya uhamiaji serikali haikupi wakili wa bure. Usisaini karatasi usiyoielewa. Una haki ya kunyamaza na kusubiri. Mtanzania ajue kwamba nchi yake imo kwenye orodha ambayo Marekani inalazimika kuujulisha ubalozi raia wake akishikiliwa, hata kama hakuomba. Mkenya na Mkongo wanatakiwa kuulizwa kama wanataka ubalozi ujulishwe, kwa Mkataba wa Vienna wa 1963. Anayeomba hifadhi kwa kuikimbia serikali yake azungumze na wakili wake kwanza juu ya hilo.

Na dada zangu wenye mimba: ukikamatwa, sema una mimba ya miezi mingapi kwa askari wa kwanza, kwa karani wa mapokezi, na kwa nesi wa jela, na uombe iandikwe. Taja kliniki unayohudhuria na dawa unazotumia. Ukifikishwa hospitali umefungwa, mwambie daktari, si askari, kwamba unaomba aandike kwenye faili lako usifungwe pingu. Mwambie kwa Kiswahili kama Kiingereza kimekukimbia, na udai mkalimani, kwa sababu hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mmoja bila malipo. Ukirudishwa jela bila mtoto, omba kifaa cha kukamulia maziwa kwa maandishi, tarehe iwepo, na wakikataa waombe waandike kwamba wamekataa.

Na ninyi mnaofanya kazi wodini kama mimi, andikeni. Saa aliyofungwa, saa aliyofunguliwa, nani alisema nini. Kesi ya Nashville ilisimama kwa sababu kuna wauguzi waliofungua midomo usiku ule mbele ya askari wenye bunduki, wakasema huyu ni mgonjwa wetu, mfungueni.